Ndui Ilivyoondoka Duniani, na Mikono Iliyoiondoa

Katika nyumba nyingi za Mwambao wetu bado yupo mzee mwenye kovu la mviringo mkononi, chini kidogo ya bega. Wajukuu hulidhania kuwa ni sawa na lile dogo walilo nalo wao kwenye kigasha cha mkono wa kushoto. Sivyo. La mjukuu ni la chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa anapozaliwa. La bibi ni la ndui, na watoto waliozaliwa katika miaka 40 iliyopita hawakuchanjwa tena kwa ajili yake, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haupo. Miongoni mwa maradhi yote ya kuambukiza yaliyowahi kumsumbua mwanadamu, ndui ndiyo ya pekee iliyofutika kabisa juu ya uso wa ardhi.

Vijana wa leo hawaijui hata kwa jina, wala hatuwalaumu. Mgonjwa alianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo. Baada ya siku chache vipele vilitoka usoni, mikononi na miguuni, vikajaa usaha, vikawa vigumu kama punje za mtama chini ya ngozi. Katika aina yake kali ilikuwa ikiua takriban watu 3 katika kila 10 walioipata. Aliyepona alibaki na mashimo usoni, na wengine walibaki vipofu. Wanahistoria hukadiria kwamba katika karne ya 20 peke yake, karne iliyokwisha kuwa na hospitali na magari na ndege, ndui iliua watu wapatao milioni 300.

Watoto wetu wanaposomeshwa habari hii shuleni husomeshwa jina moja tu, la tabibu Mwingereza Edward Jenner. Jenner anastahiki heshima yake, na tutamfikia. Lakini hadithi inayoanza naye inaanzia katikati, na waliokuja mbele yake, ambao wengi wao ni wanawake, wanaachwa nje ya mlango. Sisi tungependa kuianza mapema zaidi.

Waarabu waliijua ndui zamani. Ibn Ishaq, mwandishi wa Sira, amepokea kuwa ndui na surua zilionekana kwa mara ya kwanza katika nchi ya Arabuni mwaka ule wa Tembo, mwaka aliozaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Na mtu wa kwanza kuandika kitabu kizima cha kuyapambanua maradhi hayo mawili alikuwa Mwislamu, Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyezaliwa katika mji wa Rayy yapata mwaka 865 na akapata kuiongoza hospitali ya Baghdad. Katika *Kitab al-Judari wal-Hasba* alieleza kwamba maumivu ya mgongo huzidi kwa mwenye ndui, ilhali kichefuchefu na fadhaa huzidi kwa mwenye surua. Alisisitiza macho ya mgonjwa yalindwe kwa kuoshwa na marashi ya mawaridi, kwa sababu alikwisha kuona ni wangapi walioponea roho wakapoteza nuru. Kuhusu chanzo cha ugonjwa al-Razi alikosea: alidhani ni damu ya mtoto inayochachuka mwilini kama maji ya zabibu yanavyochachuka mtungini. Hilo halimpunguzii kitu. Alichokiona kwa macho yake alikiona sawasawa, na kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kikasomwa huko kwa karne nyingi.

Al-Razi alifundisha namna ya kumtambua mgonjwa na kumuuguza. Namna ya kumkinga aliye mzima ilitoka kwingine kabisa, kwa watu wasioandika vitabu.

Kila mahali palipokuwa na ndui, watu waligundua jambo moja: aliyeugua akapona haugui tena. Ndipo wakajitokeza waliosema, basi na tumpe mtoto ndui ndogo kwa hiari yetu kabla haijamjia kubwa kwa hiari yake. Katika nchi ya Sudan palikuwa na desturi iliyoitwa kununua ndui. Mama mwenye mtoto mzima alikwenda kwenye nyumba ya mtoto mgonjwa, akamfunga mgonjwa kitambaa cha pamba mkononi, kisha akaketi na mama mwenziwe wakapatana bei ya kila kipele. Walipokubaliana alikichukua kitambaa, akarudi kwake na kukifunga mkononi mwa mwanawe. Yeyote aliyewahi kuwasikia akina mama wakipatana bei sokoni Marikiti au Kongowea anaweza kuyasikia mazungumzo yale. Wazungu walioyaona waliyaandika kama kichekesho. Sisi tunaona wazazi wawili waliofahamu kwamba kinga ina thamani, na wakakataa kuipokea bure.

Huko Uturuki ya Kithmani mambo yalikwenda kwa sindano. Mwaka 1717 alifika Istanbul mke wa balozi wa Uingereza, Mary Wortley Montagu, mwanamke aliyekuwa na sababu yake ya kuichukia ndui: ilimuua kaka yake, na yeye mwenyewe ilimharibu uso na kumwacha bila kope. Katika barua aliyoiandika kutoka mji wa Edirne alimsimulia rafiki yake mambo aliyoyakuta. Kila mwaka joto linapopungua, katika mwezi wa Septemba, familia hukusanyika, na wako wanawake wazee ambao kazi yao ni hiyo. Bikizee huja na ganda la jozi lililojaa usaha wa ndui iliyo nyepesi, huuliza ni mshipa upi mtu angependa ufunguliwe, huuchanja kwa sindano, hutia usaha unaoweza kukaa kwenye ncha, kisha hufunika kidonda kwa kipande cha ganda. Mtoto hucheza wiki nzima, hulala na homa siku 2 au 3, na baada ya siku 8 huinuka kama hakuugua.

Mwezi wa Machi 1718 bibi huyo alimchanja mwanawe wa kiume huko huko Istanbul. Aliyeishika sindano alikuwa ajuza wa Kigiriki, mkono ukimtetemeka kwa uzee, kisha tabibu wa ubalozi akauchanja mkono wa pili wa mtoto. Jina la ajuza yule halikuandikwa popote. Miaka 3 baadaye, ndui ilipoiingia London, Montagu alimchanja na binti yake mbele ya madaktari wa mfalme, na kwa njia hiyo elimu ya mabikizee wa Uturuki ikavuka bahari.

Mwaka huo huo wa 1721, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, mji wa Boston ulikumbwa na ndui iliyoletwa na meli. Kasisi mmoja wa mji, Cotton Mather, alikuwa amekwisha kusikia habari za kuchanja kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, ambaye Mather alimpa jina la Onesimus. Alipomuuliza iwapo alipata kuugua ndui, Onesimus alimwonyesha kovu mkononi na kumweleza jinsi watu wa kwao walivyochanja. Mather alikwenda kwa Waafrika wengine wa Boston akawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa maelezo yale yale. Tabibu aliyekubali kujaribu alikuwa mmoja tu, Zabdiel Boylston, naye alianza na mwanawe mwenyewe wa miaka 6. Madaktari wenziwe walimpinga, na mtu mmoja alitupa bomu ndani ya nyumba ya Mather. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba maneno ya mtumwa Mwafrika hayafai kusikilizwa. Ndui ilipokwisha, wakahesabu. Walioipata kwa njia ya kawaida walizidi 5,000, na zaidi ya 800 kati yao walikufa, yaani karibu 14 katika kila 100. Katika wale 240 na ushei waliochanjwa walikufa 6.

Hesabu hiyo ilikuwa jambo jipya ulimwenguni. Mabikizee na akina mama walijua kwa uzoefu. Boston waliandika nambari, ambazo mtu asiyewaamini wanawake wala Waafrika asingeweza kuzikwepa.

Hata hivyo wale 6 wasisahauliwe. Kuchanja kwa usaha wa ndui yenyewe kulikuwa na hatari mbili: kulimuua mmoja mmoja, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake. Ilitakiwa kinga isiyokuwa ndui.

Hapo ndipo wakulima wa Uingereza wanapoingia, na ng'ombe wao. Wakamuaji maziwa walijua kwamba anayepata vipele vya mikono kutoka kwenye kiwele cha ng'ombe mwenye ndui ya ng'ombe hashikwi na ndui ya watu. Mwaka 1774 mkulima mmoja aitwaye Benjamin Jesty alichukua sindano ya kufumia soksi akawachanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe. Majirani walimzomea na kumrushia vitu kila alipokwenda sokoni, wengine wakiogopa kuwa familia ile itaota pembe. Miaka 22 baada yake, tarehe 14 Mei 1796, Edward Jenner alichukua usaha kutoka mkononi mwa mkamuaji maziwa aitwaye Sarah Nelmes akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani wake. Wiki chache baadaye alimtia mtoto yule ndui halisi. Haikumshika. (Leo hakuna kamati ya hospitali yoyote ambayo ingemruhusu mtu kumjaribia mtoto wa mtumishi wake namna hiyo, na ni kheri kwamba haingemruhusu.) Tofauti ya Jenner na Jesty ni kwamba Jenner alirudia, akaandika, akachapisha mwaka 1798, na akawapelekea wengine dawa ile wajaribu wenyewe.

Lugha za Ulaya zimelichukua jina la chanjo kutoka katika neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kumbukumbu ya kazi hiyo. Kiswahili hakikumtaja ng'ombe. Chanjo kwetu ni kuchanja, kupasua ngozi kidogo kama anavyopasua mpiga chale; neno letu limeihifadhi ile hatua ya kwanza, ya bikizee na sindano yake.

Tangu Jenner mpaka kufutika kwa ndui ilipita karibu miaka 180, na mingi ya miaka hiyo tutaipita upesi. Elimu ilikuwapo, kilichokosekana ni kuifikisha. Dawa iliharibika kwa joto kabla haijafika vijijini, mpaka ilipopatikana njia ya kuikausha. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoianza kampeni yake kubwa mwaka 1967 lilipata pia sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma, ambayo mtu asiyesoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi: unaichovya, unadonadona ngozi mara 15, umemaliza. Na huko Nigeria daktari William Foege, alipopungukiwa na dawa, aligundua kwamba si lazima kuchanja nchi nzima. Ukimpata mgonjwa mapema ukawachanja wote wanaomzunguka, moto hukosa kuni.

Lakini mgonjwa atapatikana vipi mapema ikiwa watu wanamficha? Hapa elimu ya maabara inakwisha, na inaanza elimu ya kuaminiana. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui ile kali alikuwa mtoto wa Kiislamu, Rahima Banu, wa kisiwa cha Bhola nchini Bangladesh, mwezi wa Oktoba 1975, akiwa na umri wa miaka 3. Aliyepeleka habari kwa watu wa afya alikuwa msichana wa miaka 8, Bilkisunnessa, na alipewa zawadi ya taka 250. Rahima alipona.

Hatutaki mtu afikiri kuwa kazi hiyo yote ilifanywa kwa upole. Katika baadhi ya vijiji vya India na Bangladesh milango ilivunjwa usiku na watu wakashikwa kwa nguvu wakachanjwa. Waliofanya hivyo walisema hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunaona kwamba deni la usiku ule lililipwa na watu wengine, miaka mingi baadaye, kila mhudumu alipobisha hodi akaambiwa aende zake. Na mwaka 2011 majasusi wa Marekani waliendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistan, ili wapate habari za nyumba ya Osama bin Laden. Ilipofichuka, wanawake waliokuwa wakipeleka matone ya polio nyumba kwa nyumba, wasiokuwa na hatia yoyote, ndio waliolengwa. Baadhi yao waliuawa. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba majasusi wake hawatatumia tena chanjo kama pazia. Kwa hiyo mama wa Kiislamu anayeuliza maswali kabla ya kutoa mkono wa mwanawe asiitwe mjinga. Maswali yake yana historia.

Tunalosema ni kwamba yaulizwe, tena yaulizwe kwa anayejua. Wapo wanaolifunga jambo kwa kusema kadari ni ya Mungu. Hao wamkumbuke Sayyidna Umar (R.A.) aliporudi njiani asiiingie Sham penye tauni. Abu Ubayda alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kwamba anatoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Swali hili si la zamani. Ilikuwa Mombasa, mwezi wa Oktoba 2019, ambapo serikali ya Kenya ilizindua chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aliyegundua uhusiano wa virusi hivyo na saratani, Mjerumani Harald zur Hausen, alipuuzwa na wenzake kwa miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Katika nyumba zetu barua ya shule imeletwa na binti, na imewekwa juu ya kabati, haijajibiwa. Kuna mama anayeogopa kwamba ni dawa ya kuwazuia watoto wasizae. Kuna anayeona ni aibu kuzungumzia kizazi cha mtoto wa miaka 10. Na kuna ambaye hana hoja yoyote. Binti analia akiona sindano, na mama hana moyo wa kumlazimisha.

Hofu ya sindano tu, basi. Ni kwa hofu hiyo kwamba mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alitoka katika pwani hii hii. Ukitoka Kiunga ukaufuata ufuko kuelekea kaskazini utapita Kismayu, utapita Barawa, na kabla hujafika Mogadishu utafika Marka. Mwaka 1977 katika hospitali ya Marka palikuwa na mpishi kijana, Ali Maow Maalin, mwenye umri wa miaka 23. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wote wachanjwe. Ali hakuchanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliiona sindano akadhani inauma, basi siku ya kuchanjwa alijishika mkono kana kwamba ameshapata yake.

Tarehe 12 Oktoba lilifika gari lililobeba watoto wawili wenye ndui kutoka kambi ya wafugaji. Dereva hakuijua njia ya kwenda mahali pa kuwatengea wagonjwa. Ali alipanda akamwonyesha. Safari ile haikufika robo saa. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki. Baada ya siku 10 Ali alishikwa na homa. Akatibiwa malaria. Vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Yeye mwenyewe alishuku, lakini alinyamaza kwa kuogopa kutengwa, mpaka muuguzi mmoja alipopeleka habari.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mji mzima. Watu 161 waliomkaribia walitafutwa kwa majina. Hospitali ikaacha kupokea wagonjwa wapya. Njia za kuingia na kutoka Marka zikawekewa walinzi, hata zile za miguu, na katika wiki 2 zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa. Katika wote aliokaa nao, Ali hakumwambukiza hata mmoja. Yeye alipona. Miaka 2 baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, ilikuwa hapa Kenya, mjini Nairobi, ambapo ilitangazwa kuwa Pembe ya Afrika haina ndui tena, na mwezi wa Mei 1980 likatolewa tangazo la dunia nzima. Kati ya Marka na tangazo hilo kuna kifo cha mwanamke mmoja wa kukumbukwa, Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu cha Birmingham, aliyeambukizwa mwaka 1978 na virusi vilivyokuwa vikifugwa kwenye maabara ya jengo alilofanyia kazi. Ndui ilipoishiwa na vijiji ilijificha kwa wataalamu.

Ali Maow Maalin aliishi. Somalia ilipoanza kupigana na polio alijiunga na wanaopeleka matone kwa watoto, akitembea katika vijiji vya kwao. Alipomkuta mzazi anayekataa hakubishana naye kwa takwimu. Alimsimulia habari zake: kwamba yeye alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui, kwamba aliipata kwa kuikimbia sindano, na kwamba hakutaka Somalia iwe ya mwisho kwa polio vilevile. Wengi walimfungulia. Nchi ile ikatangazwa haina polio.

Mwaka 2013 polio ilirudi Somalia, ikavuka mpaka mpaka kambi za Dadaab huku kwetu. Ali, aliyekwisha kupindukia miaka 50, alilichukua tena sanduku la matone akaingia njiani. Malaria ilimkuta kazini, na tarehe 22 Julai, katikati ya mwezi wa Ramadhani, alifariki dunia katika mji wake wa Marka.